Tableti Uliyoisifia Imemeza Sauti ya Mama Mkwe Wangu

Hapana, sikufuta mimi, na naanza na hilo, mpendwa mshauri, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kwa wiki mbili sasa, naulizwa nikipiga deki, naulizwa nikiwa nimeinamia pasi, mume wangu kaniuliza hata juzi nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni, "Lakini hebu niambie ukweli, hukubonyeza popote?" na mimi nikatema povu nikamwambia nimebonyeza popote pote, kwani tableti inatumiwaje, kwa kutazamwa? Akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo fani yake siku hizi.

Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kushona sare za shule kwenye duka la familia ya mume wangu, chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani tatu, meza ya kukatia katikati, na mlango wa nyuma unaingia moja kwa moja kwenye nyumba tunayoishi, yaani ukitoka kazini unakuwa umefika nyumbani kabla hujakasirika vizuri. Duka alilianzisha mama mkwe wangu. Yule mama hakuwa anakata kwa karatasi ya kipimo kama mafundi wengine, alikuwa anakata kwa jicho, mtoto anasimama mlangoni, mama anamtazama mara moja juu mpaka chini, anachora chaki mara nne, mkasi unapita, na shati lile litamkaa yule mtoto miaka miwili, kwa sababu mama alikuwa anaacha nafasi ya kukua mahali ambapo mtu mwingine haoni. Hiyo nafasi ndiyo ilikuwa duka lenyewe. Wazazi walikuwa wanapita maduka manne ya sare kuja kwetu kwa ajili ya nafasi hiyo na hawajui hata kama ipo, wanachojua ni kwamba ya kwetu haibani.

Basi mama akaanza kuumwa, miguu ikagoma, mikono ikawa inatetemeka, tukaona jamani huyu akiondoka anaondoka na duka kichwani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye msimamizi wa duka, akasema tumrekodi. Simu zetu zote zilikuwa zimejaa. Na hapo ndipo mimi, kwa mikono yangu hii, nikaleta gazeti lenye ukurasa wako, ninalo hapa mbele yangu nimelikata kwa mkasi, uliandika kuhusu ile tableti ndogo ya bei nafuu, maneno yako ni haya: "Ndogo ya kuingia kwenye mkoba, kubwa ya kumwona shangazi mpaka meno, na juu yake unapewa memori kadi ya zawadi, gigabaiti mia moja ishirini na nane, hiyo hutaijaza mpaka upate wajukuu." Ukasema twende kwa muuzaji wa jumla nyuma ya stendi, tuseme tumetumwa na Fundi. Nikaenda, nikasema nimetumwa na Fundi. Yule muuzaji akacheka, akanipa na kava bure.

Sitasema ilikuwa mbaya siku ya kwanza, nitakuwa mwongo na mimi nimeshaitwa mwongo vya kutosha. Ndani ya nyumba kioo chake kilikuwa kizuri, ila ukisogea mlangoni kwenye jua unajiona mwenyewe tu na kitambaa chako kichwani. Chaji ilikuwa haifiki saa nane mchana. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inasimama kufikiri kama mtu aliyeulizwa mchango wa harusi. Hatukujali, sisi tulitaka mama asikike, na alikuwa anasikika. Miezi saba tulimrekodi, video themanini na kitu, fupi fupi, dakika tatu, dakika nne, mama yuko kitandani ana kitambaa mapajani anaelekeza kola, anaelekeza kwapa, anaelekeza marinda ya sketi, na katikati anatugombeza, "Isogeze hiyo tableti, unanipiga picha ya pua," "Hapa usibane, mtoto anapumua huyu, si mto," "Nani kaniletea kitambaa cha kujikunja hivi, au ndiyo mnanizika?" Tulikuwa tunacheka. Nakuambia tulikuwa tunacheka kwenye kile chumba cha mgonjwa kuliko watu walio harusini.

Sasa siku moja mimi ndiye niliyekuwa nakata, mama ananisimamia kwa macho, na mume wangu ndiye aliyeshika tableti, shika hapo mshauri, mume wangu ndiye aliyeshika. Nikakata mgongo wa shati bila kuchora chaki. Sijui ilikuwaje, mkono ulienda tu. Mama akatazama, halafu akasema, "Mkasi wangu na meza ile ni vya huyu. Binti yangu ashike duka, ashike wateja, anajua kusema na watu, lakini kwenye kitambaa asimwingilie huyu." Mume wangu akacheka, akasema, "Mama, unarekodiwa wewe." Mama akasema, "Ndiyo maana nasema sasa." Wifi alikuwa sokoni kununua vifungo.

Mama akafariki. Tukazika. Wifi akasema video zote za msiba ziwekwe kwenye tableti, na ndugu wakatuma zao, kila mtu na simu yake, na kwa kuwa nafasi ilikuwa tele, imeandikwa pale kwamba ni tele, akaweka na tamthilia yake, msimu wa kwanza mpaka wa tatu, akawa anaitazama huku anahesabu vifungo. Sikusema kitu, mfiwa anahitaji kitu cha kumpoteza mawazo. Arobaini ilipopita akaanza kuniambia kata hivi, kata vile, ndipo nikamwambia kwa upole, wifi, mama aliacha neno, lipo kwenye video. Akasema, "Nionyeshe." Tukafungua. Kioo cheusi. Tukafungua ya kola, cheusi. Ya kwapa ikafunguka kidogo, ukaonekana mkono wa mama, halafu ikaganda kijani kijani. Majina ya video yapo, tarehe zipo, hata ukubwa wa kila moja umeandikwa, lakini ukibonyeza yanakuja maneno kwamba faili haiwezi kufunguka. Tulibonyeza zote. Themanini na kitu. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, akanitazama, akasema, "Umemfuta mama mzima ili kuficha uongo mmoja."

Hayo ndiyo maneno. Anasema hakukuwa na neno lolote la mkasi, anasema mimi ndiye nilalaye na tableti chumbani kwangu, nilijua nitaombwa ushahidi, nikafuta yote ili isijulikane kwamba halikuwepo. Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu akasema, "Mimi nilikuwa nimeshika tu, sikuwa nasikiliza sana." Nikahisi kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo.

Sasa mkasi umefungiwa kabatini. Mimi nimewekwa kwenye pasi na vifungo. Ameajiriwa mkataji wa kulipwa, anakata kwa karatasi, mashati wiki hii yamerudi kumi na moja, makwapa yanabana, na wifi anasema wazazi wa siku hizi wana kiburi. Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna kikao cha familia, atakuwepo baba mdogo, na natakiwa nisimame niombe msamaha kwa kufuta sauti ya marehemu. Nisipoomba, nitoke dukani. Mume wangu anasema, "Omba tu, yaishe."

Naomba msaada wako kwa haya: kuna njia ya kujua nani alifuta? Zinaweza kurudi? Niombe msamaha au nisiombe? Na la mwisho linaniuma mpaka naandika nikicheka, wifi anataka ninunue tableti nyingine kufidia, na ameniambia, "Muulize yule fundi wako wa gazetini, si ndiye anayejua."

Ni mimi,
Mkata sare asiye na mkasi


FUNDI ANAJIBU

Dada yangu, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

La kwanza. Hukufuta. Wala wifi yako hakufuta, wala watoto, wala jini. Kitu kilichofutwa hakiachi jina. Ukifuta video, jina linakwenda, tarehe inakwenda, ukubwa unakwenda, hupati hata pa kubonyeza. Zako majina yapo, tarehe zipo, ila ndani hamna mtu. Hiyo haifanywi na kidole. Hiyo ni memori kadi feki, na wewe mwenyewe umeniandikia ushahidi wako bila kujua, tena katikati ya sentensi ndefu kama foleni ya maji.

Kadi yako kwa nje imeandikwa mia moja ishirini na nane. Kwa ndani ni nane. Kuna watu kazi yao ni hiyo, wanachukua kadi ya nane wanaifundisha kusema uongo, na inasema vizuri kuliko sisi wauzaji. Ikijaa haikwambii imejaa. Inarudi mwanzo kimyakimya inaandika juu ya vile vya zamani, na ile orodha ya majina haiigusi. Chukua daftari la kurasa nane, mtu akuapie ni la kurasa mia, ukifika mwisho anakugeuzia ukurasa wa kwanza unaandika juu ya maneno uliyoyaandika jana. Mama yenu na video zake alikuwa ameenea kwenye zile nane, ndiyo maana miezi saba hamkuona tatizo. Waliomfunika ni video za msiba wake na tamthilia msimu wa kwanza mpaka wa tatu. Hilo wifi yako ataambiwa, lakini usimwambie wewe, na asiambiwe kwa kukomolewa. Alikuwa anajipoza. Hakujua anafanya nini.

Utaniuliza nimejuaje kwa uhakika hivyo. Hapa mzaha wangu unavua viatu.

Tableti ile yule muuzaji alinipa siku tatu kabla sijaisifia. Niliipima hivi: nikapiga muziki, nikaongeza mwanga mpaka mwisho, nikaidondosha kwenye godoro nikaita huko ni kupima uimara. Kadi nikaichomeka, nikasoma namba, nikaamini namba. Shule niliishia darasa la nne, sijifichi nyuma ya hilo, maana hata asiyekanyaga darasani anajua gunia halipimwi kwa kusoma maandishi ya nje. Mama mkwe wako alikuwa akimtazama mtoto mwenyewe. Mimi nilitazama maandishi. Halafu nikakaa hapa ukurasani nikawaambia mtajaza mpaka mpate wajukuu, kwa sababu ilinichekesha kuiandika.

Na kuna lingine. Kila aliyefika nyuma ya stendi akasema "nimetumwa na Fundi", mimi nilipata changu. Kile kicheko alichokucheka muuzaji, dada, ndiyo maana yake. Mlikwenda wengi. Kava ulilopewa bure lilitoka kwenye fungu langu, akanilalamikia nalo.

Barua yako ilipofika nikaenda nyumbani nikawanyang'anya watoto ile tableti niliyopewa mimi, nikakaa nayo kibandani kwangu ninakotengeneza simu, tangu nafungua. Nikaweka filamu moja ninayoijua mwanzo mpaka mwisho, nikaitazama kidogo, nzima. Nikaanza kujaza. Wateja wakipita wananitania, "Fundi, leo umefungua sinema?" nawaambia kiingilio ni kuleta chaja iliyokatika. Nikijaza kidogo narudi kuifungua ile ya kwanza. Mchana haujafika, filamu imekuwa kijani, jina lake limekaa pale limetulia, na namba zinasema nafasi bado iko tele. Nilifunga kibanda nikaenda kwa muuzaji. Nikamwonyesha. Akasema, "Fundi, kadi ni zawadi. Zawadi ina malalamiko gani?" Nikamwambia kuna watu wamepoteza mama mle ndani. Akasema, "Mama anapotea kwenye kadi?" na watu waliokuwa dukani wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kinafanana na changu kabisa, ndicho ninachokiuza kila siku. Nilitaka kumrukia. Lakini mdomo uliowatuma nyinyi kwake haukuwa wake.

Kwa hiyo hii ndiyo tathmini niliyotakiwa kuiandika siku ile, na mhariri ameniahidi hataikata. Tableti yenyewe si mwizi. Ni ya mtu anayekaa ndani, karibu na soketi, anayesoma, anayepiga simu ya kuonana, anayemwonyesha mteja picha ya sare, mtoto afanye hesabu zake. Jua haiwezi. Kazi ya siku nzima haiwezi. Tundu la chaji linalegea baada ya miezi michache, nimeshatengeneza mengi, utaanza kuikunja waya na kuibembeleza, na siku utakayochoka kubembeleza ndiyo mwisho wake. Kamera yake inatosha sauti, picha ni ya kubahatisha. Nafasi yake ya ndani ni ndogo na nusu imeshaliwa na programu zilizokuja nayo, ndiyo maana wanakupa kadi, na kadi ndiyo mtego. Ukiambiwa zawadi, pokea kava, kadi irudishe.

Kununua kwenyewe, nenda asubuhi, umeshakunywa chai, huna haraka. Mwambie muuzaji unataka kukaa nayo. Toka nayo nje, uone kama kioo kinasomeka. Fungua vitu vitatu kwa pamoja, uone inavyohangaika. Piga simu ya kuonana na mtu aliye chumba cha pili umuulize anakusikia au anasikia mvua. Kadi nunua kwingine, na kabla hujaiamini ijaze mpaka juu kwa takataka yoyote, kisha fungua kile ulichoweka mwanzo kabisa. Kikifunguka, ni kadi. Muuzaji akisema huna ruhusa ya kukaa, amekuokoa, muage.

Uliniuliza kama zinaweza kurudi. Hazirudi. Kilichoandikwa juu kimekwenda. Atakayekuambia anazirudisha zote, mfungie mlango, huyo ni mwenzake muuzaji. Kuna uwezekano mdogo zipo chache ambazo hazikufikiwa, dakika moja hapa, nusu dakika pale. Kwa hiyo leo hii, kabla hujala, toa ile kadi, ifunge kwenye karatasi, isiingie popote, na mtu asikushawishi kuifomati. Ile ya mkasi sikuahidi. Ningekuahidi ningekuwa nauza tena.

Sasa na wewe nikuseme, maana huruma peke yake haikusaidii. Miezi saba, video themanini, zote kwenye kikadi cha ukubwa wa ukucha, na hamkuhamishia hata moja mahali pengine? Kuna kompyuta kwa wapiga chapa, kuna simu ya mumeo, kuna ndugu walio mbali ambao wangefurahi kutumiwa. Mtoto wa watu unamwachia nafasi kwenye shati lake asibanwe mwakani, lakini mama hukumwachia nafasi popote ila pale pale alipolala. Nilikosea, ndiyo. Lakini hata mimi ningekuwa nimepima sawasawa, tableti inaanguka, inaibiwa, inamwagikiwa uji. Mtu akisifia kitu gazetini hajakiwekea bima.

Na lingine, baya zaidi. Unauliza kama uombe msamaha, na mumeo anasema omba ili yaishe. Hayaishi, dada. Ukisimama Jumapili ukasema samahani, Jumatatu wewe ni yule aliyemfuta marehemu, na jina hilo halina tundu la kuchomoa. Watoto wako watakua wakilisikia kwenye kila msiba. Mashati kumi na moja yamerudi kwa wiki moja, kesho yatarudi ishirini, na siku duka likifungwa watasema ni laana ya kile ulichofuta. Usilipe deni la kadi kwa mdomo wako.

Sasa mumeo. Tumwite, aje hapa karibu, na yeye asome.

Bwana mkubwa, ulikuwa umeshika tableti. Mama alisema neno, wewe ukacheka, ukasema, "Mama, unarekodiwa wewe." Mtu ambaye hasikilizi hasemi hivyo. Mtu ambaye hasikilizi anauliza, "Eh? Umesemaje?" Wewe ulisikia mpaka ukachekea mahali penyewe. Sasa sikiliza: kadi imekufa, wewe hujafa. Maneno ya mama yako yalihifadhiwa mahali pawili, pa kwanza pameoza, pa pili ni wewe, na wewe unajifanya kioo cheusi. Unamwogopa dada yako, najua, dada mkubwa ni dada mkubwa, alikubeba mgongoni. Lakini mkeo analala na wewe akiwa na tuhuma ya kumfuta mama yako, na asubuhi unamuuliza kama alibonyeza popote. Hivi unapomuuliza, unatazama wapi?

Dada, turudi kwetu. Usimgombeze. Watoto wakiwa nje, mwambie kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sitaki unitetee. Nataka useme ulichosikia." Ukishasema hivyo nyamaza, umwache na ukimya wake, aone mwenyewe unavyokaa. Tableti mpya usinunue. Hakuna unachofidia. Na kwenye pasi endelea kupiga pasi, usigome, usije ukawapa sababu ya pili.

Na nyinyi wengine wote mliokwenda nyuma ya stendi mkasema mmetumwa na Fundi, toeni kadi zenu leo, kisha njooni kibandani. Nitawahamishia vilivyobaki, na bei msiulize, nitaona aibu kuitaja.

Mkata sare, wewe nina lako peke yako. Tupatane hivi. Jumapili nakuja kwenye hicho kikao. Nakuja na tableti yangu, kadi yangu ya nane yenye cheo cha mia moja ishirini na nane, na filamu. Nitaomba ruhusa kwa baba mdogo, nitaijaza mbele yenu polepole, wifi yako mwenyewe ashike, aone jina linavyobaki na ndani panavyokufa bila mtu kugusa. Nitamwambia mimi kuhusu tamthilia, chuki yake inishukie mimi. Nitataja jina langu, nitasema nilikula nini kwa kila aliyenunua. Wakinitukana nitakaa, wakinifukuza nitasimama mlangoni mpaka filamu imalizike kufa. Hiyo ni sehemu yangu. Sehemu yako ni moja tu: neno samahani lisitoke kinywani mwako, hata kwa bahati mbaya, hata ukimkanyaga mtu mguu. Na mumeo nimempa nafasi kabla yangu. Akisimama akasema alichosikia, mimi nafunga mkoba wangu naondoka bila kufungua mdomo. Asiposimama, basi atakaa pale pale amtazame mtu baki akikiri lake mbele ya mama zake na baba zake. Ukikubali niandikie mambo mawili, ndiyo, na kikao kinaanza saa ngapi.